Uzito wa Gunia

Mpima hajipimi. Kanuni hiyo haikuandikwa ukutani wala haikuhitaji kuandikwa, kwa maana kila aliyeajiriwa katika lile ghala la nafaka aliikuta ikifuatwa na akaondoka ikifuatwa. Mpima alipoleta mahindi ya shamba lake mwenyewe, alisimama kando, mikono nyuma kama mgeni, na mtu mwingine akaisoma mizani. Kanuni hiyo ilikuwa na ndugu yake, ambayo wakulima waliijua kuliko walivyojua tabia za wakwe zao: gunia halilipwi. Mzigo ukishapimwa, uzito wa gunia tupu hutolewa, na mtu hulipwa kilichomo. Aliyebisha alijibiwa, "Tunanunua mahindi, mzee, hatununui katani."

Mpima wa ghala hilo alikuwa mtu mnene kupita kiasi. Wachukuzi walimwita Tani, naye aliitika bila kinyongo, kwa kuwa jina la utani hukomaa pale mwenyewe anapolichukia. Alipopanda ngazi tatu za chumba cha mizani alipumzika katika kila moja, na daktari alikuwa amekwisha kumwambia waziwazi kwamba moyo wake unavuta mkokoteni usiokuwa wake. Mkewe alikuwa fundi wa kushona. Alishonea nyumbani, kwa cherehani ya kukodi, mali ya muuza vitambaa ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenye Cherehani. Mtu huyo alikuja kila mwisho wa mwezi kudai kodi, na alikalia kigoda cha fundi kabla hajakaribishwa.

Dereva mmoja wa ghala alipoanguka langoni, ufunguo wa lori mkononi, asiinuke tena, wenye kampuni walishtuka wakaanzisha mfuko wa afya. Wakaleta muuguzi, mwanamke kijana, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Huyu hakutoa zawadi moja kwa watu wote. "Fedha ile ile haimwamshi kila mtu," alisema. Aliwaita mmoja mmoja, akawauliza wanachokitamani, wanachokiogopa na kiasi wanachoweza kupunguza, na kila mmoja akamwandikia mkataba wake. Tani alipoulizwa ni kitu gani kinachomtia aibu kwa kukikosa, alijibu kwa neno moja: cherehani.

Mkataba wake ukawa huu. Katika miezi sita apunguze kilo kumi na mbili. Kila mwezi sehemu ya mshahara wake iwekwe rehani. Akifikia lengo, atarudishiwa rehani yote pamoja na fedha za kununua cherehani mpya. Akipungukiwa, atarudishiwa rehani yake peke yake. Akidanganya, atapoteza vyote, na meneja ataamua mengine.

"Fundi," alisema jioni hiyo akivua viatu kwa taabu, "hiyo cherehani uliyoiinamia, imebakiza miezi sita humu ndani."

Mkewe alilizuia gurudumu kwa kiganja. "Inakwenda wapi?"

"Inarudi kwa mwenyewe. Inakuja yako."

"Umeokota fedha?"

"Nitazitoa tumboni." Akamweleza habari yote tangu mwanzo.

"Ala! Yaani miaka yote mimi nakuambia upungue, bure kabisa, husikii. Leo umeambiwa kwa fedha, masikio yamezibuka?"

"Wewe hukuwa na mfuko, mama watoto."

Wakacheka wote wawili. Kisha mume akavuta koti lake la kazi kutoka msumarini. Muuguzi alikuwa ameagiza kila mtu apimwe peku na ndani ya koti lile lile, mwanzo hadi mwisho, pasiwe na hila. "Nitilie mfuko kwa ndani," alisema. "Wa miwani."

"Wa miwani ni kazi ya dakika mbili."

"Weka turubai. Na ushone mara mbili."

"Turubai? Wewe unavaa miwani au unavaa madirisha?"

Mume alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Fundi akaushona mfuko kwa uzi wa buluu, kwa kuwa wa kahawia ulikuwa umekwisha.

Siku ya kwanza muuguzi aliandika kilo mia na ishirini.

* * *

Kupungua si lelemama. Sukari iliondoka katika chai, mkate ukawa wa kuhesabiwa, na mpima aliyekuwa akirudi nyumbani juu ya toroli la Pumba, kiongozi wa wachukuzi, akaanza kurudi kwa miguu. Pumba alimsindikiza kwa maneno. "Jamani, pisheni! Tani inapita! Leo imebaki nusu tani!" Watu waliokaa vibarazani walicheka, na mpima akaendelea kutembea, shati limemganda mgongoni.

Nyumbani vita vilikuwa vya namna nyingine. Mama yake mpima, aliyekaa nao, alikuwa mwanamke wa zamani ambaye kwake mwili wa mwana ni cheti cha mke. "Mkwe wangu," alisema siku moja akiitazama sahani ya mwanawe, "hebu nieleze. Mwanangu ameoa au amefungwa?"

"Ni amri ya daktari, mama."

"Daktari anakula kwake. Mimi nauliza ya hapa."

Fundi aliondoa vyombo kwa heshima. Lakini alipotandika kitanda cha mkwewe alikuta makombo ya mkate chini ya mto, akaelewa kwamba bibi yule anamlisha mwanawe kwa siri kama anayemlisha kifaranga. Alipomwuliza mumewe, alijibu kwamba hula kipande kimoja tu, amridhishe mama. "Basi mridhishe kwa kumbusu," mkewe akamwambia. Tangu siku hiyo mkate ulikatwa mbele ya watu wote.

Wateja nao walianza kunong'ona, kwa kuwa mtu mnene akikonda, watu humtafutia maradhi kabla ya kumtafutia sababu. Mmoja alipokuja kujaribu gauni alimshika fundi mkono kwa huruma. "Dada, shemeji vipi? Usiniambie. Ila siku ukitaka kuniambia, nipo."

La kuumiza kuliko yote lilikuwa la kodi. Mshahara ulipokatwa rehani, nyumba ilibana, na mwezi wa nne fundi hakuwa na kodi kamili. Mwenye Cherehani alizihesabu noti, akazihesabu tena, ingawa zilikuwa chache. "Naona mume wako anapungua, na kodi yangu nayo inapungua," alisema. "Mmeiandikia mkataba na yenyewe?"

"Nivumilie hadi mwisho wa mwezi, kaka. Ni nusu tu iliyobaki."

"Nakuvumilia. Nami nachukua nusu ya cherehani." Hapo akafungua kijimlango cha chini, akachomoa bobini na kikasha chake, akavitia mfukoni na kwenda zake. Bila bobini hakuna uzi wa chini, na bila uzi wa chini cherehani ni meza yenye kelele. Siku mbili fundi aliwaambia wateja kwamba ana homa. Siku ya tatu alikwenda kwa yule mteja mwenye huruma, akakopa kwa haya, akaikomboa bobini yake. Mumewe alijua habari hiyo baadaye, na alipoijua alitoka nje akasimama uani peke yake.

Hata hivyo mwili ulitii. Mwezi wa tano alipanda ngazi za mizani bila kusimama. Usiku hakukoroma tena kama kinu, na daktari alipompima shinikizo la damu alitikisa kichwa kwa furaha.

* * *

Juma la mwisho lilipofika, hesabu ilikuwa imebakiza nusu kilo tu. Fundi alianza kuzipunguza suruali za mumewe, afike siku hiyo akiwa nadhifu. Alimzungushia utepe kiunoni, akausoma, akausoma tena, akakunja uso.

"Vipi, nimebaki mnene?"

"La. Umepungua. Ila umepungua kwangu kidogo kuliko ulivyopungua kwao."

"Utepe wako umevutika."

"Labda," alisema. Lakini utepe ule haukumdanganya mteja hata mmoja. Akakumbuka kwamba mwezi wa kwanza mume aliporudi akisema ametoa kilo tatu, suruali haikulegea hata upana wa uzi. Wakati ule alijituliza kwa kuwaza kwamba huenda mafuta huanza kutoka ndani, kama wapangaji wahamao kwa kuanzia chumba cha nyuma.

Jumamosi mchana alilishusha koti la kazi ili alifue, kazi ambayo miezi yote hiyo mume aliifanya mwenyewe. Alipoligeuza, macho yakauangukia mfuko wa turubai. Haukuwa bapa. Turubai lilikuwa limevutika likatuna chini mviringo kama sufuria, na lilibaki hivyo hata likiwa tupu. Kona moja nyuzi za buluu zilikuwa zimekatika, na kitambaa kilikuwa na alama ya kijani, ile ambayo shaba huiacha popote inapokaa na jasho. Fundi alitia ngumi yake ndani. Akakaa na ngumi mle ndani kitambo.

"Mpima," aliita. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwita mumewe kwa kazi yake. "Mfuko huu ulibeba nini?"

"Si miwani."

"'Si miwani' maana yake ndiyo miwani, au maana yake siyo?"

Mume akaja mpaka mlangoni, akaliona koti lilivyogeuzwa, akaketi juu ya kigoda. "Jiwe la mizani," alisema. "La kilo mbili. Siku moja tu, Fundi. Siku ile ya kwanza, kutwa nzima."

"Kwa nini?"

"Niliogopa. Kumi na mbili zilinitisha. Nikasema nijipe nafasi kidogo ya kupumua." Kisha sauti ikapanda. "Lakini kumi zile nimezitoa kwa jasho! Hizo huwezi kuninyang'anya!"

"Kumi nimeziona kwa macho yangu, na utepe umeziona. Mimi nauliza mbili."

"Mbili ni kitu gani? Kampuni nzima ile itakufa kwa kilo mbili?"

"Wakulima nao hukuambia hivyo hivyo. 'Gunia ni kitu gani, mpima, liache.' Nawe huwajibu nini?"

Mume akaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Sema. Watoto wako wote wawili wanalijua hilo jibu."

"Nilifanya kwa ajili yako," alisema mume kwa sauti ya chini. "Yule mtu amekudharau tangu zamani, mpaka akachomoa bobini mbele yako, akaitia mfukoni kama karanga. Uendelee kudhalilishwa mpaka lini?"

Neno hilo lilimlemea fundi kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Asisifiwe mtu kwa ubora asiokuwa nao: kwa muda fulani aliitaka ile cherehani kuliko alivyoutaka ukweli. Aliwaza kuishona kona upya, kuifua alama, kunyamaza. Nani angejua? Nyuzi chache tu za buluu.

"Ningeketi kwenye cherehani hiyo," alisema mwishowe, "na kila mfuko nitakaoushona ningeuona huu. Umenishonesha uongo, baba watoto, bila mimi kujua. Sasa najua."

"Nikisema, rehani yote imekwenda. Kazi nayo huenda ikaenda. Utawalisha nini watoto?"

"Sijui."

"Basi nenda wewe ukaseme."

"Siendi. Mpima hajipimi, na mkewe pia si wa kumpima. Koti nitalifua. Mfuko sitauziba wala sitautoa."

Mama mkwe akachungulia kutoka chumbani. "Mnagombania nini nyie?"

"Mfuko wa miwani, mama," akajibu fundi.

"Mfuko tu?" Bibi akaguna. "Fedha hamna, mnagombania mifuko."

* * *

Siku ya mwisho jamaa walialikwa kushuhudia. Mizani ndogo ya muuguzi iliwekwa katikati ya ghala, kati ya marundo ya magunia, na wachukuzi walipanda juu ya marundo hayo wapate kuona vizuri. Fundi alisimama karibu na mlango, mkwewe kando yake. Mumewe hakuwa amemwambia neno asubuhi ile zaidi ya kuomba koti.

Waliitwa mmoja mmoja. Mlinzi alipata, karani akakosa akazomewa kwa upole. Tani alipoitwa, ghala lilitetemeka kwa vigelegele na makofi. Alipanda mizani peku, ndani ya koti lake. Muuguzi aliinama akasoma.

"Mia na nane!" alisema, na sauti yake ya upole ikavunjika kwa furaha. "Kumi na mbili kamili!"

"Tani imekuwa ratili!" akapiga kelele Pumba. Meneja alikuwa amekwisha kuichukua bahasha, akajongea akitabasamu. Fundi aliitazama ile bahasha, akahisi moyo wake ukiinyooshea mkono.

Mpima hakushuka. "Pumba," alisema, "niletee jiwe la kilo mbili."

"La nini, mkubwa? Unataka kulitupia hili shetani la njaa?"

"Lete."

Jiwe likaletwa, la shaba, limechakaa kwa kushikwashikwa. Mpima alifungua koti lake mbele ya watu wote, akalitia jiwe katika mfuko wa ndani. Liliingia kama mguu unavyoingia katika kiatu chake cha zamani. Akamwomba muuguzi asome tena.

"Mia na kumi," muuguzi alisema bila kuelewa.

"Hivi ndivyo nilivyopimwa siku ya kwanza," mpima alisema. "Katika ile mia na ishirini uliyoandika, mwanangu, mlikuwa na gunia." Akaupigapiga mfuko. "Toa gunia."

Juu ya marundo wachukuzi walitazamana. Kisha Pumba, ambaye ulimi wake haukuwahi kusubiri ruhusa, akasema, "Kumbe mfuko wa afya ulikuwa na mfuko wake!" Kicheko kikalipuka, kikabiringika kutoka gunia hadi gunia. Mama mkwe aliuliza, "Wanacheka nini? Mwanangu amekosea nini?" na fundi akamshika bega.

Muuguzi peke yake hakucheka. "Baba," alisema taratibu, "nilikuuliza mwenyewe unaweza ngapi. Kwa nini hukuniambia kumi? Ningekuandikia kumi. Leo ungekuwa umeshinda."

"Kumi niliiona ndogo," mpima alijibu, "mbele ya kitu kikubwa nilichokuwa nakiomba."

Meneja alirudisha bahasha mfukoni mwake. Hakuwa mtu mkatili, lakini aliujua uzito wa neno katika biashara ya mizani. Rehani yote ilikwenda katika mfuko wa afya. Mpima akaondolewa kwenye mizani kwa miezi mitatu, akapelekwa kushona midomo ya magunia kwa ujira wa kibarua. "Nikikuacha hapo leo," meneja alisema, "kesho mkulima gani atalisadiki jiwe langu?"

"Hakuna," mpima alisema, akashuka.

Njiani kurudi mama mkwe alitembea mbele yao kwa hasira. Walipofika kona ya duka la vitambaa mume aliuliza, "Umefurahi?"

"Hapana," fundi alijibu. "Cherehani niliitaka."

Baada ya hatua chache akamshika mumewe mkono, jambo ambalo hawakuwa na desturi ya kulifanya barabarani.

* * *

Kushona gunia kuna ufundi wake. Mishono ya kwanza ya mpima ilifumuka, mahindi yakamwagika, na wachukuzi wakamwita Mshonaji Tani. Viganja vyake vilitoka malengelenge kwa kuisukuma ile sindano ndefu. Fundi alimkalisha kigodani, akamwekea gunia chakavu magotini.

"Usivute uzi kama unavuta ng'ombe. Uupeleke. Ukiona unabisha, rudi nyuma kidogo."

"Mke wangu amekuwa mwalimu wangu!"

"Mwanafunzi mzito. Shika vizuri."

Kisha alichukua mkasi, akaufumua ule mfuko wa turubai, uzi wa buluu baada ya uzi wa buluu, na kwa kitambaa chake akamkatia kikinga kiganja cha kusukumia sindano. Alama ya kijani ilibaki palepale, katikati ya kiganja. Mume aliitazama, akakivaa.

Kazi ile ilikuwa ya kusimama kutwa. Mama mkwe, ambaye kwa wiki mbili hakuzungumza na mkwewe, alianza kumpelekea mwanawe maji ya kunywa ghalani, na aliporudi alimwambia fundi, kama anayetapika dawa, kwamba mwanawe sasa anapanda rundo la magunia bila kupumua kwa mdomo.

Siku ambayo adhabu ilikwisha, mume alirudi na ujira wake wa mwisho wa kibarua, na habari kwamba kesho anarudi kwenye mizani. Alisimama mbele ya mkewe akainua mikono. "Pima."

"Mbona usijipime mwenyewe? Utepe huo hapo."

"Unajua kanuni."

Fundi akamzungushia utepe. Suruali aliyoikaza kwa ajili ya ile siku ya ghala ilikuwa imelegea tena. Akabana pini pembeni na kusema tu, "Zile mbili zimetoka."

Alikuwa bado ana pini mdomoni Mwenye Cherehani alipoingia, akakitafuta kigoda kwa macho. Kilikuwa kimekaliwa na mama mkwe, ambaye hakuinuka. Fundi alimhesabia kodi ya mwezi, akaongeza na nusu ya mwezi uliotangulia aliyokuwa akidaiwa, noti juu ya noti, mpaka mkono wa yule mtu ukajaa.

"Mmenilipa yote," Mwenye Cherehani alisema, kama aliyenyimwa kitu. "Mtaani nilisikia mtanunua yenu. Imekuwaje?"

Fundi alikaa, akausukuma uzi katika tundu la sindano, akaliweka gurudumu tayari.

"Tutanunua, kaka," alisema. "Kwanza tulikuwa tunatoa gunia."